Treni Iliyopachikwa Nachingwea

Kazi ninayoihakiki leo haijachapwa popote na pengine haitachapwa. Ni kurasa saba za daftari, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mwandishi wake ni binti wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari wilayani Nachingwea. Jina lake silitaji, la shule pia silitaji. Ameniruhusu niandike kwa masharti hayo. Najua wasomaji wa hapa mmezoea tukutane kwenye riwaya na diwani. Nivumilieni kidogo. Ni muda mrefu sijasoma maandishi ya Kiswahili yaliyonisumbua kama haya, na sababu mojawapo ni kwamba mimi mwenyewe nimo ndani yake. Nimo kama mmoja wa waliodanganyika.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilikuwa nyumbani Ruangwa kwa likizo, rafiki yangu anayefundisha Nachingwea akanipigia simu: "Mwandishi, njoo uwe jaji siku ya taaluma, chakula kipo." Nikaenda. Ukumbi ulikuwa darasa lililoondolewa madawati, projekta ya kuazima, na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Kila kundi lilikuwa na dakika kumi za kuwasilisha kazi yake ya Historia. Kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na wote mnajua kinachotokea: mtoto anakariri aya tatu, anazitoa akiangalia dari, halafu anasubiri makofi.

Kundi la huyu binti lilikuwa na historia ya Nachingwea yenyewe. Ni mada nono. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakaja na mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, eneo la ekari zaidi ya milioni tatu. Walianzia Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka pwani. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango baada ya kutumia takribani pauni milioni 36, na karanga zenyewe hazikuonekana za maana. Reli ilibaki ikifanya kazi miaka kadhaa, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Mtoto wa Nachingwea leo anazaliwa, anakua, anamaliza shule, hajawahi kuona treni wilayani kwake.

Slaidi ya nne ndiyo iliyotumaliza. Ilikuwa picha ya rangi ya kahawia iliyofifia kama zile za kwenye albamu za bibi zetu. Nyasi ndefu, mwembe upande wa kushoto, na katikati treni inakuja na moshi mweusi juu yake. Mwembe ule kila mtu darasani aliujua. Upo hadi leo, pale ambapo wazee wanasema reli ilipita. Darasa zima liliguna kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja nyuma akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini lakini tukasikia: "Kumbe kweli ilikuwepo."

Kwenye karatasi ya alama kulikuwa na safu ya mvuto wa vielelezo. Nilimpa tisa kwa kumi.

Wiki tatu baadaye mwalimu wao wa Kiswahili aliwaambia kila mmoja aandike tafakuri: ulifanyaje kazi yako ya kuwasilisha, na umejifunza nini. Hapo ndipo yule binti alipoandika kwamba picha ile aliitengeneza mwenyewe. Mwembe aliupiga kwa simu ya kaka yake. Treni aliitoa kwenye mtandao, na ilikuwa ya nchi nyingine kabisa. Moshi aliuongeza kwa programu ya kwenye simu, kwa kidole, na mwisho akaipaka picha nzima ile rangi ya kahawia ili ionekane ya zamani. Rafiki yangu, kwa ruhusa ya binti, akanitumia kurasa zote kwa simu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Jaji, soma."

Nimezisoma mara nyingi sasa, na kitu cha kwanza ninachotaka kukionyesha ni vitenzi. Katika kurasa mbili za mwanzo karibu kila kitu kimefanyika chenyewe. Picha ilitafutwa. Picha iliboreshwa. Treni iliwekwa. Moshi uliongezwa. Ni kauli ya kutendwa mwanzo mwisho, ile tunayoifahamu kwenye taarifa za maofisini, ambako fedha zilitumiwa na makosa yalifanywa lakini hakuna mtu aliyezitumia wala aliyekosea. Nilipofika hapo nilitaka kuacha. Nikasema huyu ameshajifunza lugha ya wakubwa.

Halafu ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi, kitenzi kinabadilika. Anaanza kwa kusema treni ilipachikwa, anakata kwa mstari mmoja, na juu yake anaandika nilipachika. Ule mkato upo, unaonekana kwenye karatasi, hakuufuta kwa kifutio wala hakuandika upya ukurasa. Kuanzia hapo hadi mwisho kila kitu anakifanya yeye: nilikata, nilivuta, nilififisha, nilinyamaza. Sijui kama alijua anafanya nini kisarufi. Lakini ndipo maandishi haya yanapogeuka kutoka kazi ya darasani na kuwa ya mtu. Kuna waandishi wenye vitabu vitano ambao hawajawahi kuvuka kutoka kule kutendwa kuja huku kutenda.

Pia anaeleza kwa nini alifanya hivyo, na maelezo yake hayafanani na yale tunayoyatarajia. Hasemi alitaka alama. Anasema alikuwa na mambo mengi ya kusema kuhusu reli ambayo Kiingereza chake hakikuyafikia. Alijua jinsi ya kusema kwamba reli ilijengwa na reli ikang'olewa. Hakujua jinsi ya kusema kwamba kuna kitu kilipita hapa kwenye nyasi hizi tunazokanyaga kila siku, na sisi tunapita kama hakikupita. Basi akaiacha picha iseme. Hoja hii inatuhusu sote tunaopenda fasihi, na nashangaa inatoka kwa mtoto wa miaka kumi na sita. Tunalalamika wanafunzi wanajaza slaidi kwa picha za kuvutia na maneno machache. Tunasahau kwamba tumewanyang'anya maneno kwanza. Ukimwambia mtoto aeleze kwao kwa lugha asiyoimudu, usishangae akikimbilia kitu kisichohitaji lugha.

Sasa nije kwenye ukurasa wa tano, ambao ndio moyo wa kazi hii, na ndio alioukimbia haraka kuliko zote.

Anaandika kwamba baada ya kuwasilisha alikwenda steshenari mjini, akaichapisha ile picha kwenye karatasi ngumu, na wikiendi akampelekea babu yake kijijini, njia ya kwenda Ruangwa. Babu akaipokea, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama. Kisha akasema ndiyo hii. Akasema ameipanda na baba yake, alipokuwa mdogo, kwenda Mtwara. Akaonyesha kwa kidole behewa walilokaa. Akaeleza habari ya gunia alilokalia njia nzima kwa sababu nafasi hazikuwepo. Binti hakuwahi kusikia habari hiyo hata siku moja. Jioni akaja jirani, babu akamwonyesha picha na kusimulia tena, na safari hii kwenye masimulizi kulikuwa na moshi: moshi ulivyowaingia machoni, baba yake alivyomfunika uso kwa shuka. Hapo binti anaandika sentensi fupi kuliko zote kwenye daftari, kwamba moshi ule aliuweka yeye.

Mistari sita tu, basi. Aya inayofuata anaanza kueleza madhara ya kuhariri picha, akiyapanga moja, mbili, tatu. Nilipofika pale niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Hebu fikiria kilichotokea pale mlangoni kwa babu. Picha ya uongo imefungua kumbukumbu ambayo inawezekana kabisa ni ya kweli. Mtu wa umri ule wa babu alikuwa mtoto reli ilipokuwa hai, na safari ya Mtwara na gunia ni vitu ambavyo binti hakuviweka kwenye picha. Bila treni ya kupachika, habari ya gunia ingezikwa na babu. Lakini picha hiyohiyo sasa imeshaanza kuandika juu ya kumbukumbu. Treni aliyoipanda mzee ilikuwa na sura yake, na sura ile hatuna. Tulichonacho ni treni ya nchi nyingine, na moshi wa kidole cha mjukuu. Mara ya tatu atakaposimulia, yeye mwenyewe hatajua kipi alikiona akiwa mtoto na kipi alikiona kwenye karatasi. Na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza. Ndiyo hatari yenyewe, na ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwa watu wenye makumbusho kila kona. Palipo na picha elfu za reli, moja ya uongo itaumbuliwa na zile nyingine. Palipo na picha moja tu mkononi mwa kijiji, na hiyo moja ni ya kutengeneza, hiyo ndiyo inageuka kuwa historia.

Kwa hiyo binti anahitimishaje? Anahitimisha kama mtihani. Anasema wanafunzi waache kuhariri picha, walimu wakataze, serikali itoe elimu. Hapa natofautiana naye, tena sana.

Kwanza, si kweli kwamba kugusa picha ndiyo kosa. Nenda studio yoyote Ruangwa mjini kupiga pasipoti. Umekwenda na fulana, unatoka umevaa suti na tai, nyuma yako rangi ya bluu, na hukuvua kitu. Suti ni ya kwenye kompyuta, imeshavaliwa na nusu ya wilaya. Watu wanaletewa picha za marehemu wazazi wao zikiwa zimeunganishwa na picha za harusi ambazo wazazi hao hawakuziona. Hakuna anayedanganyika. Mteja anajua, fundi anajua, anayetundika sebuleni anajua. Ni namna ya kusema natamani wangekuwepo.

Wala mambo haya hayakuja na simu. Lamu kulikuwa na mpiga picha aitwaye Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, ambaye alijifundisha mwenyewe kazi hiyo na kujulikana kwa picha za kuunganisha: anakata picha ya mteja, anaipachika kwenye mapambo na mandhari nyingine, anaipiga upya. Kazi yake imekuja kuandikwa vitabuni na kuhesabiwa kuwa sanaa. Ukitazama kazi ya namna ile huwezi kuuliza kama mtu huyu kweli alisimama pale. Mkono wa fundi unaonekana. Picha ya Bakor inajitambulisha kwamba imetengenezwa. Picha ya binti wetu ilifanya kinyume: ilipakwa rangi ya kahawia kwa makusudi ili mkono usionekane. Angewaambia wanafunzi wenzake tofauti hiyo angewafaa zaidi kuliko kuwaambia waache.

Pili, picha isiyoguswa nayo inaweza kudanganya, na ushahidi uko Nachingwea hapohapo. Kwenye slaidi zao kulikuwa na moja ya Farm 17, kambi ambayo FRELIMO walifundishia wapiganaji wao. Waliisema kwa fahari, na ni haki yao. Lakini Mei 1975, wiki chache kabla ya Msumbiji kupata uhuru wake Juni 25, pale kambini Nachingwea alisimamishwa Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, akasoma mbele ya maelfu ya wapiganaji maandishi marefu ya kukiri usaliti. Alilazimishwa kuyasoma. Hakuna mahakama iliyomhukumu, na baadaye aliuawa pamoja na wenzake. Piga picha ya tukio lile kwa kamera bora duniani, usiguse chochote, usiongeze moshi. Utapata mtu anayesoma kwa hiari yake. Hapo kilichohaririwa ni mtu mwenyewe, na baada ya hapo picha haina kazi ya ziada ya kufanya. Kwa hiyo ukimfundisha mwanafunzi kwamba picha halali ni ile ambayo haijapitia kwenye programu, umemwandaa kudanganywa na kila tukio lililopangwa vizuri.

Tukitoka hapo tunabaki na maneno ya chini ya picha, na kwa vile ni kazi yangu niseme lililo la kwangu. Miaka yangu ya mwanzo katika uandishi nilipeleka habari ya msimu wa korosho nikiwa sina picha. Nikachukua ya msimu mwingine, ghala limejaa magunia hadi juu, wakati mwaka ule ghala lilikuwa nusu. Hakuna kilichohaririwa, picha ilikuwa safi kabisa. Ilikosa maneno matatu tu ambayo kila chumba cha habari kinayajua: picha ya maktaba. Mkulima mmoja wa kwetu alinisimamisha sokoni akaniuliza, kwa upole, yale magunia niliyaona wapi. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile naheshimu maneno matatu hayo kuliko kamera yoyote.

Na hivyo ndivyo ningemshauri mwandishi wa tafakuri hii. Treni yako usiifute. Iandikie chini: mwembe nimeupiga mimi mwaka huu, treni ni ya nchi nyingine, nimeipachika, moshi nimeuongeza, reli ilipita hapa kwa maelezo ya wazee. Mistari minne. Darasa bado lingeguna, nina hakika. Na yule wa nyuma angeuliza swali zuri zaidi ya kusema kumbe kweli ilikuwepo. Angeuliza, sasa ya kwetu ilifananaje? Hapo ndipo somo la Historia linapoanza, na hapo ndipo babu angeulizwa kabla ya kuonyeshwa.

Sisi tuliokaa kwenye viti vya majaji nasi tuna la kujibu. Ile karatasi ya alama ninayo bado. Ina safu ya sauti, ya kujiamini, ya mavazi nadhifu, ya mvuto wa vielelezo. Haina safu ya chanzo cha kielelezo. Hakuna aliyemuuliza binti ile picha ameipata wapi, na mimi ni mwandishi wa habari, swali hilo ndilo mkate wangu. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 inasisitiza umahiri na kazi za vitendo, kwa hiyo mawasilisho ya namna hii yataongezeka. Na leo mtoto hahitaji tena hata kukata na kupachika. Akiiambia programu ya akili mnemba imchoree treni ya Nachingwea ya mwaka 1950, inamletea, na mwembe juu yake. Bila safu ile moja kwenye karatasi ya alama tutakuwa tunawapa tisa kwa kumi kwa kutudanganya vizuri.

Kama kazi ya maandishi basi, tafakuri hii ina kasoro zake. Mwanzo wake umejificha, mwisho wake umekaririwa, na mahali penye uhai mwandishi amepapita mbio kama mtu anayepita karibu na nyumba ya anayemdai. Lakini ana mkato mmoja wa kalamu kwenye ukurasa wa tatu na mistari sita kwenye ukurasa wa tano ambavyo vinatosha kunifanya nisubiri atakachoandika baadaye.

Wiki iliyopita nilimpigia kupitia simu ya kaka yake, kumsomea niliyoyaandika kabla sijayachapisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema "sawa kaka", akaniomba nirekebishe mahali pamoja, nikarekebisha. Nikamuuliza kama ameshamwambia babu. Akanyamaza kidogo. Akasema bado. Picha babu ameibandika ukutani, juu ya redio, na kila mgeni anaonyeshwa.

Nikamuuliza anaogopa kugombezwa? Akasema hapana, babu hagombezi. "Naogopa ataniuliza, sasa mimi nilipanda nini."

Nimemwambia aende na daftari, na amuulize hilo swali yeye kabla babu hajamuuliza.